Radi ya Usoni: Maumivu ya Neva ya Tano na Tiba ya Miale Isiyokata

Mwezi wa Juni ukiingia, upepo wa kipupwe huvuma juu ya uwanda wa Ufipa bila kizuizi. Mji wa Sumbawanga umo katika kimo cha mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari. Upande wa mashariki ardhi huporomoka kuelekea Ziwa Rukwa, na upande wa magharibi huteremka hadi Ziwa Tanganyika. Asubuhi za majira hayo watu wa Laela, Mpui na Matai hutoka majumbani wamejitanda mablanketi. Kwa walio wengi baridi hiyo ni kero tu ya kila mwaka. Wako wachache, hata hivyo, ambao upepo ule ukiwagusa shavuni mara moja husimama katikati ya njia, jicho moja wamelifumba, mkono wameuinua karibu na uso lakini hawathubutu kuugusa.

Maumivu yanayowapata watu hao yamehesabiwa na waganga wa nchi nyingi kuwa miongoni mwa makali mno yanayomfika binadamu. Huja ghafla, hudumu sekunde chache, aghalabu hayazidi dakika mbili, kisha hutoweka kana kwamba hayakuwapo. Huweza kurudi makumi ya mara kwa siku moja. Wagonjwa wa Ulaya huyafananisha na shoti ya umeme. Katika Ufipa, nchi ya ngurumo nyingi wakati wa masika, mfano ulio karibu zaidi ni radi.

Kitaalamu ugonjwa huu huitwa nyuralgia ya trijemini. Haujitokezi kila nyumba. Katika nchi ambako hesabu zimewekwa, wagonjwa wapya huwa kati ya 4 na 13 kwa kila watu 100,000 katika mwaka. Mkoa wa Rukwa, ambao katika sensa ya mwaka 2022 ulikuwa na watu zaidi ya milioni moja na nusu, ungekuwa kwa kipimo hicho na wagonjwa wapya wapatao 60 au zaidi kila mwaka. Hapana budi kukipunguza kipimo hicho, maana kimetoka katika nchi zenye wazee wengi, na ugonjwa huu hupenda zaidi watu waliopita umri wa miaka 50, wanawake kuliko wanaume. Hata ukipunguzwa kwa nusu, bado ni watu wa kutosha kujaza basi moja kila mwaka, na wengi wao hawajapata kuambiwa jina la ugonjwa wao.

Neva yenyewe

Neva ni kamba nyembamba zinazochukua habari kati ya ubongo na sehemu nyingine za mwili. Wengi huziita mishipa ya fahamu. Kutoka ubongoni na katika shina lake hutoka jozi 12 za neva za kichwa, na ya tano ndiyo inayohusika hapa. Jina lake la Kilatini lina maana ya mapacha watatu, kwa kuwa kila upande wa uso neva hiyo hugawanyika matawi matatu. La kwanza huenda kwenye paji la uso na jicho. La pili huenda shavuni, puani, kwenye mdomo wa juu na katika meno ya juu. La tatu hushuka kwenye taya la chini, meno yake, sehemu ya ulimi, na misuli ya kutafunia. Kwa hiyo kila jino alilo nalo mtu hutoa habari zake kwa njia ya neva ya tano. Jambo hilo ni vema kulikumbuka, kwa sababu ndilo linalosababisha makosa mengi yatakayoelezwa baadaye.

Wengine huuchanganya ugonjwa huu na kupooza uso. Uso unaopooza ukaenda upande, mdomo ukapinda na jicho likakataa kufumba, ni wenye hitilafu katika neva ya saba, ambayo kazi yake ni kuisogeza misuli ya uso. Neva ya tano kazi yake kubwa ni kuhisi. Mgonjwa wa nyuralgia ya trijemini hana mdomo uliopinda, hana uvimbe, hana kidonda, wala hana homa. Kwa mtazamaji ni mzima kabisa. Huo ni mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza, maana jirani humwona mtu mzima anayepiga ukelele kwa sababu ya kunawa uso.

Chanzo cha kawaida kimejulikana kwa kupasua na kutazama. Mwaka 1934 Walter Dandy, mpasuaji wa ubongo wa Marekani, alieleza jinsi alivyokuta mara nyingi mshipa wa damu umeegemea shina la neva hiyo mahali linapoingia katika shina la ubongo. Mtu anavyozidi kuzeeka ateri hurefuka na kupindapinda, na kitanzi chake huweza kuisugua neva kwa kila pigo la moyo. Neva imevikwa ganda la mafuta linalofanya kazi kama ile plastiki ya waya wa umeme. Ganda hilo likichubuka, habari zinazopita katika uzi wa mguso mwepesi huruka na kuingia katika uzi wa maumivu. Ndiyo maana vichochezi vya shambulio si vitu vikali hata kidogo: upepo, kunawa, kupiga mswaki, kutafuna, kuzungumza, unyoya wa kuku ukipita kwenye mdomo. Kubonyeza shavu kwa nguvu pengine kusilete kitu, lakini kuligusa kwa ncha ya kidole kukaleta radi.

Mara chache chanzo huwa kingine, kama vile uvimbe unaokua karibu na neva, au ugonjwa unaokula maganda ya neva mwilini. Mgonjwa ambaye ni kijana, au anayeumwa pande zote mbili, au ambaye uso wake umeingia ganzi kabla ya tiba yoyote, apaswa kuchunguzwa kwa ajili ya vyanzo hivyo mapema.

Jino lisilo na kosa

Chukulia mfano wa mama mkulima wa Laela, mwenye miaka 58. Si mtu fulani. Ni mfano uliokusanywa kutokana na mwenendo wa kawaida wa ugonjwa. Siku moja anatafuna hindi la kuchoma, na mshale wa moto unapita kutoka gego la chini hadi sikioni. Anadhani jino limeoza. Anakwenda kwa mng'oa meno, naye, akiambiwa kuwa linalouma ni gego, analing'oa gego. Kwa majuma mawili mama hana maumivu, kwa kuwa ugonjwa huu una desturi ya kupumzika wenyewe. Kisha maumivu yanarudi. Sasa mama anahisi ni jino la pili. Linang'olewa. Baada ya mwaka mmoja upande wa kulia wa taya hauna magego, na radi bado inapiga katika ufizi mtupu.

Kosa hili si la Ufipa peke yake. Kote duniani, na hata katika miji yenye hospitali kubwa, wagonjwa wa nyuralgia ya trijemini wamepoteza meno mazima kwa namna hiyo. Kulitambua si kazi ngumu kwa tabibu anayeijua tofauti. Jino bovu huuma mfululizo, kwa saa nyingi, hupwita usiku, huchokozwa na maji baridi au ya moto, na likigongwa kwa chuma huuma palepale. Radi ya neva huja kwa sekunde na kukatika. Huchokozwa na mguso mwepesi wa ngozi. Na mara nyingi humwacha mgonjwa alale usiku. Mgonjwa aliyepata kuugua mkanda wa jeshi usoni naye huweza kubaki na maumivu, lakini yake ni ya kuwaka na kuwasha mchana kutwa, mahali penye makovu ya vipele, na matibabu yake ni mengine.

Ugonjwa usioonekana, unaompiga mtu mmoja katika nyumba ya watu wanane, upande mmoja wa uso, bila jeraha, huzua pia maelezo mengine. Jina la Sumbawanga lenyewe hufasiriwa na wenyeji kuwa ni agizo la kutupa uchawi, na masimulizi ya radi zinazotumwa kutoka huko yamekwisha kusambaa nchi nzima, mara nyingi kwa mzaha. Kwa mgonjwa si mzaha. Akishaambiwa kwamba ametupiwa kitu, hutafuta aliyekitupa, na kwa kuwa maumivu hupumzika kwa majuma au miezi baada ya kila shambulio kubwa, yeyote aliyemtibu mwisho, awe mganga wa jadi au mng'oa meno, huonekana kuwa amefaulu. Tabia hii ya kwenda na kurudi ndiyo inayodanganya kila mtu, hata waganga wa hospitali.

Dawa iliyomo katika kabati la kifafa

Dawa za kawaida za maumivu hazifai kitu hapa. Panadol haisaidii, diklofenaki haisaidii, na hata zile kali za jamii ya afyuni husaidia kidogo mno. Dawa inayosaidia ni ya kifafa, nayo ni kabamazepini. Mwaka 1962 daktari wa Uswidi aitwaye Blom alitoa habari kwamba dawa hiyo, ambayo wakati huo ilikuwa mpya, huzuia mashambulio ya neva ya tano. Inatuliza neva zinazofyatuka ovyo, ziwe za ubongo au za uso. Tangu wakati huo imebaki kuwa dawa ya kwanza, na wagonjwa wengi hupata nafuu ndani ya siku chache, jambo ambalo lenyewe husaidia kuthibitisha ugonjwa.

Kwa Rukwa hii ni habari ya maana, kwa kuwa kabamazepini si dawa ngeni. Imo katika orodha ya dawa muhimu na hutolewa kwa wagonjwa wa kifafa. Tatizo huweza kutokea mahali pengine kabisa. Mama wa Laela anapopewa vidonge na kusoma, au kusomewa, kwamba ni vya kifafa, huvirudisha.

“Mwanangu, mimi sina kifafa,” humwambia tabibu. “Ukiniandikia hivi, kijiji kizima kitasema nina kifafa.”

“Ni kweli, mama, huna kifafa,” tabibu mwenye subira atajibu. “Dawa ni moja, magonjwa ni mawili. Na mimi nitaandika kwenye kadi yako kuwa ni ya uso.”

Maneno hayo machache yana thamani kuliko mashine nyingi. Kifafa kimebeba aibu isiyostahili kwa miaka mingi, na mgonjwa asiyeelezwa ataacha dawa siku ya pili.

Dawa yenyewe ina masharti. Huanzwa kwa kiasi kidogo na kupandishwa polepole kwa maagizo ya daktari. Huleta kizunguzungu, usingizi na kuyumba, hasa kwa wazee; huweza kupunguza chumvi ya damu; vipele vikitokea mgonjwa hurudi hospitali mara moja. Hupunguza nguvu za vidonge vya uzazi wa mpango, na kadhalika za baadhi ya dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, ikiwamo dolutegravir, ambayo ndiyo inayotumiwa na wengi nchini. Mgonjwa anayetumia dawa hizo hana budi kusema, na daktari hana budi kuuliza.

Kwa miaka kadhaa vidonge hivyo huweza kutosha. Kisha kwa baadhi ya wagonjwa hutokea moja kati ya mambo mawili: ama maumivu huivunja dawa, ama kiasi kinachoyazuia maumivu humlevya mgonjwa asiweze kutembea hadi shambani. Hapo ndipo swali la upasuaji linapoanza, na pamoja nalo swali la miale.

Kisu kisichokata

Upasuaji unaofuata chanzo chenyewe ulienezwa na Peter Jannetta wa Marekani kuanzia mwaka 1967. Fuvu hutobolewa nyuma ya sikio, mshipa wa damu hutenganishwa na neva kwa hadubini, na kipande kidogo laini huwekwa kati yao. Mwaka 1996 yeye na wenzake walitoa matokeo ya wagonjwa 1,185. Baada ya miaka 10, karibu asilimia 70 walikuwa hawana maumivu na hawahitaji dawa. Hakuna tiba nyingine iliyoonyesha kudumu kuliko hiyo. Hata hivyo ni upasuaji wa ndani ya kichwa, na wapo wagonjwa ambao moyo, mapafu au umri wao hauwezi kuustahimili, na wapo pia wasioutaka.

Mtu aliyefikiria njia ya kufika ndani ya fuvu bila kulifungua alikuwa Lars Leksell (1907–1986), mpasuaji wa ubongo wa Uswidi. Mwaka 1951 alilibuni wazo la kufanya upasuaji kwa miale. Alifunga bomba la eksirei kwenye upinde wa chuma uliokazwa kichwani mwa mgonjwa, ili miale iweze kuelekezwa nukta ileile kutoka pande nyingi. Miongoni mwa watu wa kwanza kutibiwa hivyo walikuwa wagonjwa wawili wa neva ya tano, mwaka 1953. Katika taarifa aliyoitoa mwaka 1971, Leksell alieleza kuwa maumivu yao yalikuwa hayajarudi. Mwaka 1968, akisaidiana na mwanafizikia Börje Larsson, alikuwa amekwisha kuzindua mjini Stockholm mashine ya kwanza ya aina ya Gamma Knife, yenye vyanzo 179 vya kobalti-60.

Namna mashine hiyo inavyofanya kazi inaweza kueleweka vizuri katika Ufipa kuliko mahali pengine. Wahunzi wa Kifipa wa zamani walijenga matanuri marefu ya udongo yaitwayo malungu kwa ajili ya kupata chuma kutoka katika mawe yake. Tanuri hilo halikuvukutwa; kulizunguka kwa chini kulikuwa na matundu mengi, na kila tundu liliingiza upepo wake. Upepo wa tundu moja usingetoa chuma. Pepo za matundu yote zilipokutana katikati, makaa yaliwaka kwa joto la kutosha. Gamma Knife vivyo hivyo ina miale mingi, 201 katika mashine zilizofuata na 192 katika zile mpya zaidi, inayopenya kichwani kila mmoja kwa njia yake. Mwale mmoja ukipita katika ubongo hauleti madhara ya kutambulika. Mahali yote inapokutana, katika tone lenye upana wa milimita 4 tu, nguvu ya mionzi huwa kubwa mno.

Ukubwa huo una kipimo. Mgonjwa wa kansa anayetibiwa kwa mionzi ya kawaida aghalabu hupewa grei 2 kwa siku, kwa majuma kadhaa. Neva ya tano hupewa kati ya grei 70 na 90 kwenye kitovu cha shabaha, kwa mara moja, siku moja. Milimita chache kutoka hapo liko shina la ubongo, ambalo huongoza pumzi na mapigo ya moyo, nalo halipaswi kupata ila sehemu ndogo ya kiasi hicho. Kwa sababu hiyo tiba haikuenea mpaka miaka ya 1990, picha za sumaku, yaani MRI, zilipoweza kuionyesha neva yenyewe. Kabla ya hapo wapasuaji walilenga kwa kukisia kutokana na mifupa.

Siku ya tiba mgonjwa hapewi nusukaputi. Huchomwa dawa ya ganzi mahali panne kwenye ngozi ya kichwa, na fremu ya chuma hukazwa ili kichwa kisisogee hata kidogo. Picha hupigwa, madaktari na wanafizikia hupanga shabaha, kisha mgonjwa hulala katika mashine. Hasikii kitu. Muda hutegemea umri wa kobalti, kwa kuwa nguvu zake hupungua nusu kila baada ya miaka mitano na robo. Kobalti mpya ikimaliza kazi kwa nusu saa, iliyozeeka hutaka saa nzima au zaidi. Aghalabu mgonjwa hurudi nyumbani siku ileile au ya pili yake.

Hapa wengi hukata tamaa mapema. Mionzi haikati neva kama mkasi. Huijeruhi polepole, na nyuzi za maumivu huacha kufyatuka baada ya majuma kadhaa, wakati mwingine miezi. Kwa muda huo wote vidonge huendelea kama kawaida. Mgonjwa anayeondoka mashineni na kuvitupa vidonge mlangoni atapigwa na radi kabla ya kufika stendi.

Maumivu yanayorudi

Kati ya wagonjwa 10 waliotibiwa kwa miale, 7 hadi 9 hupata nafuu nzuri mwanzoni. Ni sifa kubwa, lakini habari haiishii hapo. Kadiri miaka inavyopita baadhi yao huanza kusikia tena mishale ile, na baada ya miaka 10 wanaobaki bila maumivu na bila dawa ni karibu nusu. Kwa hiyo anayeeleza tiba hii kuwa ni ya kumaliza ugonjwa hasemi kweli yote. Chanzo, yaani ile ateri iliyoegemea neva, hakikuguswa. Kilichofanywa ni kuinyamazisha neva.

Maumivu yakirudi, miale huweza kurudiwa, kwa kawaida kwa kiasi kidogo kuliko cha kwanza, na wengi hupata nafuu tena. Bei yake ni ganzi. Hata baada ya tiba ya kwanza sehemu ya wagonjwa hubaki na ganzi ya shavu au mdomo. Baada ya ya pili huongezeka. Kwa wengi ganzi ni afadhali mara mia kuliko radi. Ikifika kwenye jicho ni jambo la kuangaliwa, kwani jicho lisilohisi vumbi halijikingi, na vumbi la Ufipa wakati wa kiangazi si haba.

Zipo njia nyingine za kuinyamazisha neva kwa sindano inayopitishwa shavuni hadi chini ya fuvu: kuiunguza kwa joto la umeme, kuibana kwa kibofu kidogo kinachojazwa maji, au kuidondoshea gliserini. Ya gliserini iligunduliwa kwa bahati na mwanafunzi wa njia ya Leksell. Sten Håkanson wa Stockholm alikuwa akitumia gliserini iliyochanganywa na unga wa metali ili mahali pa neva paonekane katika picha, kwa matayarisho ya kupiga miale. Akaona kuwa wagonjwa wanapona kabla ya miale kupigwa. Alitoa habari hizo mwaka 1981. Njia hizi za sindano hutaka mashine ya eksirei na mikono yenye ujuzi, si kobalti 192, nafuu yake huja palepale, na kwa nchi zisizo na fedha nyingi yafaa zifikiriwe kabla ya mashine kubwa. Nazo pia huweza kurudiwa.

Masafa kutoka Laela

Katika Afrika, Misri na Moroko ni miongoni mwa nchi zilizotangulia kuwa na Gamma Knife. Karibu zaidi na Tanzania, Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta mjini Nairobi ilipata katika miaka ya 2020 mashine ya CyberKnife, iliyobuniwa na John Adler, Mmarekani aliyewahi kujifunza kwa Leksell. Hiyo haitumii kobalti wala fremu ya kukazwa. Kifaa kidogo cha kuzalisha miale hushikwa na mkono wa roboti, nao huzunguka kichwa na kuirekebisha shabaha kwa kufuata picha.

Nchini Tanzania, Taasisi ya Saratani Ocean Road ilianza kutumia mashine za LINAC mwaka 2018. Mashine za jamii hiyo, zikiwekewa vifaa vya kubana mwale na kupimwa kwa usahihi usiozidi milimita moja, huweza katika nchi nyingine kufanya kazi hii ya neva. Si suala la kununua kifaa kimoja. Hutakiwa mwanafizikia wa tiba anayepima mwale kila asubuhi, mpasuaji wa neva anayeijua shabaha, na picha za MRI za kiwango cha juu, wote katika jengo moja na siku moja. Kituo kikuu cha upasuaji wa ubongo na neva, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, kipo Dar es Salaam pia, zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Sumbawanga.

Hivyo safari ya mama wa Laela huanza kwa basi, kwa barabara ya lami ya Tunduma, hadi Mbeya kwenye hospitali ya rufaa ya kanda. Huko ndiko panapoamuliwa kama vidonge vimepangwa sawasawa, kwa sababu wengi wanaodhaniwa kuwa dawa imewashinda hawajapata kupewa kiasi cha kutosha, au walikuwa wakimeza siku za maumivu tu. Akihitaji picha ya sumaku, hutazamwa kwanza kama kuna uvimbe, halafu kama kuna ateri iliyoegemea neva. Akiwa na afya njema na ateri ikaonekana, upasuaji wa Jannetta huzungumzwa kabla ya miale. Akiwa mzee mwenye moyo dhaifu, sindano au miale huja mbele. Na akisafiri wakati wa kipupwe, hufunga uso kwa kitenge laini na kukaa mbali na dirisha la basi.

Katika mfuko wake huwa na kadi. Tabibu wa kwanza ameandika jina la ugonjwa kwa herufi kubwa, upande wa uso, tawi la neva linalouma, tarehe maumivu yalipoanza na tarehe yaliporudi, kiasi cha kabamazepini na siku kilipopandishwa. Chini yake, kwa kalamu nyekundu, ameongeza kwamba meno yaliyobaki upande wa kulia wa chini ni mazima, na yasing'olewe.